Ndege ya boksi la samaki yatupeleka Muhanga

Mwavuli wa bibi ulipotea Jumanne. Alhamisi tuliuona nyuma ya banda la kuku, umebaki kitambaa na mpini. Vijiti vyake vya chuma vilikuwa vimeshageuka mifupa ya mbawa.

Nyumbani kwetu Buzebazeba, Manispaa ya Kigoma Ujiji, kesi za namna hiyo hazihitaji upelelezi. Mtuhumiwa ni mmoja: mtoto wa dada yangu, miaka 10, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi. Anatengeneza ndege. Si zile za karatasi za daftari ambazo kila mtoto anajua kuzikunja. Zake zina mbawa ndefu kuliko mkono wangu, anazikata kwa kisu kutoka kwenye mifuniko ya maboksi meupe ya kuhifadhia samaki, ambayo huyaokota mwaloni Kibirizi yakishavunjika. Mwili ni kijiti cha mwanzi, mkia ni kipande cha katoni, na puani amefunga msumari wa inchi nne.

Injini hakuna. Anairusha kwa manati kubwa ya tyubu ya baiskeli, inapanda juu ya paa la jirani, inateleza hewani kimya kama mwewe, kisha inatua. Siku moja ilitua kwenye sufuria ya mama mmoja aliyekuwa anakaanga migebuka kwa mawese. Tuliomba radhi familia nzima.

Bibi hana subira na mambo haya. "Ndege haziliwi na ugali," anasema. Mwalimu wake wa darasa naye aliwahi kuita mzazi, kwa sababu nusu ya daftari la hisabati lilikuwa limejaa michoro ya mbawa. Mzazi aliyekwenda ni mimi. Bado sijajaaliwa mtoto, lakini wasomaji wa ukurasa huu mnajua: huku kwetu mama mdogo ni mama. Dada yangu ni mwalimu katika kijiji kimoja cha mwambao, kusini mwa Kigoma, huko ambako boti ndiyo basi na boti ndiyo gari la wagonjwa. Fundi anakaa kwa bibi ili asome mjini.

"Umejuaje kama hujaiona?"

Jioni moja nilikuwa naandaa habari kuhusu usafirishaji wa damu kwa ndege nyuki, yaani droni, nchini Rwanda. Fundi akachungulia simu yangu. Akaona ndege nyeupe inafyatuliwa kutoka kwenye reli, inapaa, inadondosha kiboksi chenye mwavuli wa karatasi.

"Hii ni ya kweli au ni katuni?"

Nikamwambia ni ya kweli.

"Umeiona?"

"Sijaiona. Nimesoma."

"Sasa umejuaje?"

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nimeandika juu ya damu, uzazi na chanjo kwa miaka minne. Swali hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa dagaa. Nilikuwa na fedha niliyoiweka kwa ajili ya kununua meza ya kazi. Usiku ule niliamua kuwa meza itasubiri.

Kigoma, kwa kweli, ilizijua ndege mapema kuliko miji mingi ya bara. Katikati ya mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji walileta upande wa Kongo ndege ndogo za kutua majini, zilizotengenezwa Uingereza. Zilivuka ziwa na kuipiga bandari ya Kigoma kwa mabomu. Mwezi Julai mwaka huo Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen ili isitekwe. Ndiyo hiyo ambayo baadaye iliibuliwa na leo tunaiita MV Liemba. Wazee wetu wengi hawakuwahi kuona ndege kabla ya hapo, na za kwanza kuja hazikuleta dawa.

Nilimsimulia Fundi habari hiyo. Akauliza swali moja tu: "Zilikuwa na uzito gani?"

Safari ya siku tatu na mtoto wa mtu

Kuvuka mpaka na mtoto ambaye hukumzaa kunataka maandalizi. Tulichukua hati za dharura za kusafiria ofisi ya Uhamiaji. Nilibeba nakala ya cheti chake cha kuzaliwa, barua ya ridhaa ya mama yake iliyogongwa muhuri na wakili, na kadi zetu za chanjo ya homa ya manjano. Mzazi anayefikiria safari kama hii asiache barua ya ridhaa. Uliza pia mapema kila karatasi inayotakiwa, usingoje kuambiwa dirishani.

Tulichagua wikiendi ambayo Jumamosi yake si ya mwisho wa mwezi. Jumamosi ya mwisho Rwanda nzima hufanya umuganda, kazi ya pamoja ya usafi na ujenzi, na asubuhi hiyo magari karibu yote husimama.

Ijumaa alfajiri tuliondoka. Fundi alibeba ndege yake kwenye begi la shule, mbawa zimefunguliwa na kufungwa kwa raba. Bibi, pamoja na maneno yake yote, alikuwa ametupakia mihogo ya kuchemsha na dagaa wa kukaanga wa kutosha kulisha basi zima.

Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi. Wanaoikumbuka barabara hii ilipokuwa vumbi wanajua kwa nini abiria wenye umri mkubwa husifu lami kila baada ya kilomita kumi. Tulipita Benako, ambako mwaka 1994 maelfu kwa maelfu ya Wanyarwanda waliokimbia nchi yao walipiga kambi. Sasa ni malori na mama lishe. Nilimweleza Fundi kwa maneno machache, kadiri ya umri wake. Alitazama nje muda mrefu, kisha akala muhogo.

Rusumo ni darasa lenyewe. Mto Kagera unapita chini ya daraja ukinguruma kwenye maporomoko, na ukishavuka, gari linahama kutoka kushoto kwenda kulia kwa barabara. Saa nayo inarudi nyuma kwa saa moja. Fundi alifurahi sana kupata saa ya bure.

Jambo moja halikumfurahisha. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008. Sisi nasi tumeipiga marufuku tangu Juni 2019, lakini bibi ana akiba yake. Dagaa wetu walikuwa ndani ya mfuko wa nailoni. Tuliwahamishia kwenye kitenge changu. Afisa mmoja akaiona ndege, akaigeuzageuza, akauliza nani fundi. Mtoto akanyoosha mkono kama yuko darasani. Afisa akairudisha kwa mikono miwili.

Kwenye basi la kwenda Kigali tulipita Kayonza, ambako kampuni ya ndege hizi ilifungua kituo chake cha pili mwaka 2018. Giza lilikuwa limeingia, hatukuona kitu. Tulilala Kigali.

Maonesho yasiyo na kiingilio

Jumamosi asubuhi tulipanda basi dogo stendi ya Nyabugogo kwenda Muhanga, kusini magharibi mwa Kigali, mwendo wa saa moja na zaidi. Barabara inavuka mto Nyabarongo kisha inaanza kupanda na kujikunja. Nchi nzima ni vilima, na mtu akiugua kilima cha pili, macho yanamwona lakini gari linazunguka nusu siku. Ukitazama ardhi ile unaelewa kwa nini jambo hili lilianzia pale.

Kituo cha Muhanga kilizinduliwa Oktoba 2016. Kinaendeshwa na kampuni ya Kimarekani inayoitwa Zipline, kwa mkataba na serikali ya Rwanda. Kipo juu, kimezungushiwa uzio, na nje ya uzio ndipo penye maonesho yenyewe. Hakuna bango wala tiketi. Kuna watoto. Tuliwakuta zaidi ya 10, wengine wamebeba wadogo zao mgongoni, macho yote ndani. Sikuomba kuingia. Siku ile nilikwenda kama mama mdogo, si kama mwandishi.

"Indege!" mmoja akapiga kelele.

Fundi hakuhitaji mkalimani. Kiha cha bibi na Kinyarwanda ni ndugu wa karibu. Ndani ya dakika chache walikuwa wanaelewana, yeye ameunganisha mbawa zake na wao wanamshika mabega kuangalia. Nikamkataza kabisa asiirushe. Anga ile ni ya kazi, na ndege ya boksi la samaki haina ruhusa humo. Alinuna kidogo, akakubali.

Kisha ikafyatuliwa ya kwanza.

Video haikukuandaa kwa sauti yake. Ni kama mtu amepiga mjeledi, halafu mlio mwembamba wa nyuki unaozidi kwenda mbali. Kwa sehemu ndogo tu ya sekunde ndege inatoka kwenye kusimama hadi mwendo wa kama kilomita 100 kwa saa. Fundi alinigeukia mdomo wazi. "Mama mdogo, ni manati!"

Ni manati kweli. Kubwa, ya reli na umeme, lakini ni manati.

Tulisimama pale karibu saa tatu. Alihesabu ndege tisa. Kila moja ina mbawa za zaidi ya mita tatu kutoka ncha hadi ncha na uzito wa kama kilo 20. Sehemu kubwa ya gamba lake ni povu jepesi gumu, ndugu wa lile la boksi la samaki. Vipande vinaunganishwa pale pale kabla ya kuruka: mwili, bawa, betri. Betri, iliyo nzito kuliko vingi, inaingizwa mbele.

"Ndiyo msumari wangu," Fundi akasema.

Kwa wazazi ambao wameshawahi kuitiwa mtoto kwa kuiba misumari, naomba nieleze. Ndege isiyo na uzito puani huinua pua, hupoteza mwendo, kisha huanguka kama jiwe. Uzito wa mbele unaishusha pua kidogo, mkia unaizuia isishuke mno, na kati ya hayo mawili bawa linapata hewa ya kulalia. Fundi alilijua hilo baada ya kuvunja ndege nyingi, bila kufundishwa na mtu. Nusu ile ya daftari la hisabati ilikuwa hesabu za msumari.

Za Muhanga si za kuteleza tupu kama yake, zina mota ya umeme. Lakini zimechagua bawa kwa sababu ile ile. Droni ya panga nne, ile ya kwenye harusi, hutumia betri yake yote kujishikilia hewani isianguke. Yenye bawa huegemea hewa. Ndiyo maana inaweza kwenda kama kilomita 80 na kurudi kwa chaji moja, huku imebeba mzigo wa kilo moja na robo tatu, yaani kama chupa tatu za damu.

Kazi inakwenda hivi. Hospitali inaagiza kwa simu. Mhudumu kituoni anatoa damu kwenye jokofu, anaipakia kwenye boksi lenye mwavuli wa karatasi, ndege inafyatuliwa. Ikikaribia hospitali inashuka chini, inafungua tumbo, boksi linadondoka taratibu eneo dogo kama la kuegesha magari mawili. Muuguzi ameshapata ujumbe wa simu, anatoka kulichukua. Ndege haitui huko. Inarudi ilikotoka.

Kurudi ndiko kulikowafanya watoto wapige makofi. Hakuna uwanja wa kutua wala magurudumu. Kuna nguzo mbili na kamba kati yake. Ndege inakuja kasi, kamba inainuka sekunde ya mwisho, ndoana ndogo mkiani inanasa, ndege inabembea hewani kama samaki kwenye ndoano. Mtoto wa Kigoma haelezwi maana ya ndoano. Fundi alicheka hadi akakaa chini.

Mzee mmoja wa pale, aliyewahi kufanya kazi Bukoba na kujua Kiswahili, alituambia wanaziita utudege, vijindege. Mwanzo watu walizishangaa, akasema, sasa wanazitumia kama saa: zikiwa nyingi asubuhi, wanajua huko mahospitalini kuna kazi.

Hesabu za damu

Hapa naomba nivae kofia yangu ya kazini kidogo.

Mwanamke anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa chache. Damu nayo si dawa ya kuweka kabatini. Chembe nyekundu zinakaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 6, wiki tano au sita, basi. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, zinadumu siku tano tu. Hospitali ndogo ikiweka akiba kubwa ya kila kundi, nyingi itaharibika. Ikiweka kidogo, siku ya shida haitoshi. Ndege hizi zilikuja kutatua fumbo hilo: weka akiba mahali pamoja, peleka inapohitajika.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet Global Health uliangalia maagizo 12,733 ya damu yaliyopelekwa kwa ndege hizo nchini Rwanda kati ya 2017 na 2019. Wastani ulikuwa dakika 49.6 kufika, haraka kuliko gari kwa zaidi ya saa moja. Damu iliyoharibika kwa kupitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67 baada ya mwaka mmoja.

Tanzania nasi tumeonja. Mwaka 2018, Ukerewe, ndege nyuki ya Kijerumani ilijaribiwa kwa miezi sita kupeleka dawa kutoka bara hadi kisiwani, kilomita 60 kwa dakika 40, wakati njia ya barabara na kivuko huchukua kama saa sita. Mwaka mmoja kabla yake ilitangazwa kuwa huduma kama ya Rwanda ingeanza kwetu, ikianzia Dodoma. Haikuanza kama ilivyotangazwa.

Kwa mwambao wa Tanganyika nilipiga hesabu nikiwa pale pale kwenye uzio. Milima ya Mahale iko zaidi ya kilomita 100 kusini mwa mji wa Kigoma, na vijiji vinaendelea. Manati moja mjini isingefika kote. Zingehitajika mbili au zaidi, na pepo za ziwa letu si za mchezo. Lakini si hesabu isiyowezekana.

Nilikuwa katikati ya hesabu hizo Fundi aliponivuta kitenge.

Swali la tano

"Mama mdogo, hiyo damu wanaitoa wapi?"

"Kwa watu."

"Watu gani?"

"Wanaojitolea."

"Na Kigoma?"

"Vile vile. Kwa watu."

"Wewe umeshatoa?"

Naandika sehemu hii kwa sababu nisipoiandika, yote yaliyotangulia ni utalii.

Miaka miwili iliyopita dada yangu alijifungua mtoto wake wa mwisho kijijini anakofundisha. Alianza kuvuja damu. Mkunga alifanya kila alichofundishwa, lakini alihitaji damu, na zahanati haina benki ya damu. Wakampakia kwenye boti usiku. Fundi alikuwa huko likizo. Alikaa miguuni kwa mama yake, ameshika tochi, mawimbi yanapiga, hadi kunakucha. Kazi yake ilikuwa kumuita mama asilale.

Walipofika mjini tulikuwa tunawasubiri. Ziliwekwa chupa zilizokuwepo, na ndugu tukaombwa kuchangia. Tulikuwa watano. Mmoja alitoka kupiga simu, hakurudi. Mwingine alisema amefunga. Mimi nilisema nina upungufu wa damu. Hakuna aliyewahi kunipima. Niliogopa sindano, na niliogopa majibu, maana damu ya mchangiaji hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende, na sikuwa na sababu yoyote ya kuogopa isipokuwa woga wenyewe. Mimi, ambaye wiki mbili kabla nilikuwa nimeandika makala ya kuhimiza watu wachangie damu.

Waliotoa ni shemeji yangu na nahodha wa boti. Nahodha yule hatuna undugu naye. Alikuwa hajalala usiku kucha. Alikunja mkono wa shati, akalala kitandani, akatoa, akarudi kwenye boti yake.

Dada alipona. Mtoto ana miaka miwili na anakimbia kuku. Nyumbani hatukuizungumza tena. Nilidhani Fundi, wakati ule ana miaka minane, alikuwa amesinzia kwenye benchi la nje. Hakuwa amesinzia. Na ndege ya kwanza aliitengeneza mwezi uliofuata. Mimi, mwenye shahada na kalamu, sikuunganisha mambo hayo mawili hata siku moja. Niliona msumari wa bibi umeibwa, basi.

Hapo kwenye uzio alikuwa ananitazama bila lawama. Alitaka tu kujua mashine inavyofanya kazi tangu mwanzo.

"Sijatoa," nikasema.

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

Akafikiri. "Mimi nitaanza lini?"

"Ukifika miaka 18. Na uwe na kilo 50."

Akajitazama mikono, akaona bado safari ni ndefu. Kisha manati ikalia tena na sote tukageuka.

Niliwaza kwamba usiku ule wa boti ningelia kutaka ndege. Lakini ndege ingekuja na nini? Mwisho wa reli ile ya Muhanga kuna injinia, na mwanzo wake kuna mtu amekunja shati. Bila huyo wa mwanzo, pale pangekuwa na mchezo mzuri wa watoto na hakuna zaidi.

Kurudi Buzebazeba

Jumapili tuliondoka Kigali kabla jua halijachomoza. Tuliirudisha ile saa ya bure Rusumo na kufika nyumbani usiku mwingi. Mbawa moja ilikuwa imepasuka, aliikalia abiria mwenye haraka.

Jumatano nilikwenda kuchangia damu. Fundi alitoka shule akanifuata, akakaa benchi la nje, safari hii macho wazi. Nilipimwa uzito na presha. Nikatobolewa kidole, tone likadondoshwa kwenye kimiminika cha bluu. Likielea, damu yako haitoshi. Likizama, inatosha. Langu lilizama kama jiwe. Miaka miwili nilikuwa nimetembea na ugonjwa ambao sina.

Kulala kitandani kulichukua muda mfupi kuliko foleni ya benki. Baada ya hapo ni soda na biskuti. Mwanamke anaweza kurudia kila baada ya miezi minne, mwanamume mitatu, akiwa na miaka 18 hadi 65 na afya njema. Mpango wa Taifa wa Damu Salama hauuzi damu, na mchangiaji halipwi. Nimeweka tarehe yangu ijayo kwenye kalenda ya jikoni, mahali ambapo Fundi anapita kila asubuhi.

Sitawaambia wazazi kwamba kila mtoto anayekata mwavuli atakuwa injinia. Wengine watakuwa wamekata mwavuli tu. Ninachoshauri ni kidogo: kabla ya kuchukua fimbo, kaa chini umuulize anachotengeneza na kwa nini. Mimi ilinichukua miaka miwili na mpaka mmoja wa nchi kuuliza. Boksi la samaki lililovunjika halina gharama. Gundi si ghali. Kisu, shika wewe.

Ndege mpya ya Fundi ina tumbo linalofunguka. Mwavuli wake wa karatasi umetokana na bahasha ya ofisini kwangu. Jaribio la kwanza alibeba yai. Lilidondoka uzuri kabisa, likaanza kushuka taratibu, upepo wa ziwa ukalisukuma hadi kwenye ukuta wa jirani.

Bibi ameyahamishia mayai chumbani kwake. Mwavuli mpya ameufungia kabatini, na ufunguo anatembea nao.